Kapita au Msemaji? Uongozi wa Wanafunzi katika Historia ya Lubumbashi



Katika shule nyingi za sekondari, kitu cha kwanza anachokabidhiwa kiongozi wa darasa ni chaki. Mwalimu akitoka nje, kiongozi huyo husimama, hugeukia ubao na kuandika majina ya wanaopiga kelele. Mkurugenzi wa nidhamu akiingia, orodha iko tayari. Kwa saa hiyo moja wenzake humwogopa, na wengine humbembeleza afute jina lao. Mwaka wa masomo ukiisha, huenda yeye mwenyewe akaamini kwamba kuongoza maana yake ni kuandika majina ya wengine ubaoni.

Utulivu darasani ni jambo jema, wala hakuna anayeweza kusoma katika fujo. Lakini tunapaswa kujiuliza: kiongozi wa wanafunzi ni jicho la wakubwa au ni kinywa cha wenzake? Swali hili linaonekana dogo. Katika mji wetu wa Lubumbashi lina historia ndefu, na katika historia hiyo kuna watu waliolipia jibu lake kwa maisha yao. Ni vema tuijue kabla ya kwenda kumchagua mwakilishi wa shule au kuanzisha klabu mpya.

Neno la migodini

Mji wetu ulianzishwa mwaka 1910 kwa jina la Elisabethville, miaka minne baada ya kuundwa kwa kampuni ya Union Minière du Haut-Katanga. Shaba ndiyo iliyoujenga. Wafanyakazi waliletwa kutoka Kasai, kutoka Rhodesia ya Kaskazini ambayo leo ni Zambia, kutoka Ruanda-Urundi na pande nyingine nyingi. Juu ya kila kikosi cha wafanyakazi aliwekwa Mwafrika mmoja wa kukisimamia, naye akaitwa kapita, neno lenye asili ya Kireno ambalo wazee wetu wanalijua vizuri.

Kapita hakuchaguliwa na wenzake. Aliwekwa na bwana wake, na bwana huyo ndiye aliyeweza kumwondoa. Kazi yake ilikuwa kuwahesabu watu, kuwahimiza na kupeleka habari juu. Tusimdharau: wengi wa makapita walikuwa baba wa familia wenye bidii, waliobanwa kati ya mzungu na ndugu zao. Lakini cheo chenyewe kiliundwa kwa namna ambayo amri zilishuka kwa urahisi, na malalamiko hayakuwa na njia ya kupanda.

Ubaya wa mpango huo ulionekana mwezi Desemba mwaka 1941. Vita vya pili vya dunia vilikuwa vimepandisha bei ya vitu, na kazi migodini ilikuwa imezidi. Wafanyakazi wa Union Minière waligoma wakidai nyongeza ya mshahara. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Elisabethville, na hapo askari wakawapiga risasi. Miongoni mwa waliouawa alikuwamo Léonard Mpoyi, karani aliyekuwa msemaji wa wenzake. Alikuwa amesimama mbele kueleza yale ambayo kundi zima lilitaka kusema. Hivyo katika mji huu huu vijana wamerithi mifano miwili ya kiongozi: yule anayewekwa juu ya watu ili awasimamie, na yule anayetoka kati yao ili awasemee.

Timu ya wavulana wa shule

Miaka miwili kabla ya mgomo huo, jambo jingine lilikuwa limeanza mjini, na wakati ule lilionekana la kawaida kabisa. Wamonaki Wabenediktini waliokuwa wakiongoza Taasisi ya Saint-Boniface walitaka kuwapa shughuli za ziada wanafunzi ambao hawakukusudia kuwa mapadre. Mwaka 1939 wakawaundia timu ya mpira wa miguu. Waliiita Saint-Georges, kwa jina la mtakatifu msimamizi wa maskauti. Timu iliingia moja kwa moja katika daraja la kwanza la mashindano ya Waafrika, na msimu ulipokwisha ilishika nafasi ya tatu. Mwaka 1944 ikapewa jina la Saint-Paul. Miaka michache baadaye, wachezaji kutoka nje ya shule walipokuwa wamezidi kuingia, wamisionari waliacha kuiongoza.

Sote tunajua kinachotokea kwa kawaida katika hali kama hiyo. Padre au mwalimu aliyeanzisha klabu anahamishwa. Mipira inapotea, jezi zinachakaa, na mwaka unaofuata hakuna anayekumbuka siku ya mazoezi. Timu hii haikufa. Iliendelea bila wale walioianzisha, ikapata mdhamini katika kampuni ya matairi ya Englebert na kulichukua jina lake. Baada ya uhuru wa mwaka 1960 jina hilo likaongezewa maneno ya Kifaransa yenye maana ya «mwenye nguvu zote», na herufi za kwanza za maneno hayo ndizo T na P. Mwaka 1967 na mwaka 1968 ilikuwa bingwa wa Afrika mara mbili mfululizo, jambo ambalo hakuna klabu iliyokuwa imelifanya kabla yake.

Ndiyo, vijana wapendwa: tunazungumza juu ya TP Mazembe. Timu iliyocheza fainali ya Kombe la Dunia la Klabu mwezi Desemba 2010 dhidi ya Inter ya Milan, ya kwanza kutoka nje ya Ulaya na Amerika ya Kusini kufika hatua hiyo, ilianza kama shughuli ya wanafunzi baada ya masomo. Ilifungwa mabao 3 kwa 0 siku ile, lakini safari yake ilikuwa imeanzia katika uwanja wa shule ya misioni.

Mfano wa pili unatoka Kamina, katika Katanga ya zamani. Huko Padre Guido Haazen, Mfransisko, aliunda katika miaka ya 1950 kwaya ya wanafunzi na walimu wa shule. Kwaya hiyo ilizunguka Ulaya mwaka 1958, na ndiyo iliyoipa dunia Missa Luba, iliyoimbwa katika ibada kwa mara ya kwanza tarehe 23 Machi 1958. Kitu cha kuzingatia ni namna misa hiyo ilivyozaliwa. Muziki wake uliundwa na waimbaji wenyewe katika kuimba pamoja, wakizifuata sauti na midundo waliyoijua tangu utoto. Padre aliwakusanya na kuwaongoza, lakini kilichotoka vinywani mwao kilikuwa chao.

Vyama vilivyofundisha kupiga kura

Wakati huo vyama vya siasa vya Waafrika vilikuwa havijaruhusiwa. Watu walijifunza wapi basi kuchagua na kuchaguliwa? Mara nyingi walijifunza katika vyama vya wanafunzi wa zamani na vikundi vya wasomi. Kinshasa, iliyoitwa Léopoldville, Padre Raphaël de la Kéthulle alianzisha mwaka 1925 chama cha wanafunzi wa zamani wa mapadre wa Scheut, kilichojulikana kama ADAPES. Baadaye Jean Bolikango, mwalimu, akawa rais wake. Kisangani, iliyoitwa Stanleyville, Patrice Lumumba aliongoza chama cha wasomi kabla ya kuongoza chama cha siasa. Katika vyama kama hivyo vijana waliotoka shule walizoea mambo ambayo leo tunayaona madogo: kuwa na rais, katibu na mtunza fedha, kuandika kumbukumbu za mkutano, kutoa hesabu, kusema kwa zamu na kumpa mwingine nafasi.

Mwezi Desemba 1957 wakazi wa Léopoldville, Elisabethville na Jadotville, yaani Likasi, walipiga kura kwa mara ya kwanza kuchagua madiwani wa mitaa. Walioruhusiwa walikuwa wanaume wenye umri wa miaka 25 na zaidi. Wanawake hawakupewa kura, na kasoro hiyo haijatoweka katika fikra zetu: bado kuna vikundi ambamo msichana huchaguliwa kuwa katibu kwa sababu anaandika vizuri, lakini hafikiriwi kuwa rais.

Kura ya mwaka 1957 ilifichua pia jeraha jingine. Mjini kwetu wengi wa Waafrika waliopata umeya walikuwa na asili ya nje ya Katanga, hasa Kasai. Badala ya kuuliza nani anafaa, wengi wakaanza kuuliza nani ni wa wapi. Mwezi Oktoba 1958 iliundwa Conakat, iliyodai kuwatetea wenyeji wa Katanga, na tarehe 11 Julai 1960 Katanga ikatangaza kujitenga na Kongo. Swali hilo halikuzikwa kujitenga kulipomalizika mwaka 1963. Mwaka 1992 na 1993 liliamka tena kwa ukatili, na familia nyingi mno zenye asili ya Kasai, walimu na wanafunzi wakiwamo, zilifukuzwa katika miji ya Katanga. Wengi wao walisubiri treni kwa majuma katika stesheni za Likasi na Kolwezi, na si wote waliofika walikokwenda. Mwanafunzi anayempigia mwenzake kura kwa sababu ya kabila lake anapaswa kukumbuka stesheni hizo.

Chama kimoja kwa wote

Baada ya uhuru wanafunzi wa vyuo vikuu waliunda mwaka 1961 umoja wao, UGEC. Ulikuwa umoja wenye sauti, na kwa sababu hiyo haukupendwa. Serikali ya Mobutu iliufuta mwaka 1968. Tarehe 4 Juni 1969 wanafunzi wa Lovanium waliandamana Kinshasa, na askari wakawafyatulia risasi. Mwaka 1971 walipotaka kuwakumbuka wenzao waliouawa, wanafunzi wa Lovanium waliandikishwa jeshini kwa nguvu. Kabla mwaka huo haujaisha, vyuo vikuu vyote vilikuwa vimeunganishwa kuwa kimoja cha taifa, na Lubumbashi ikawa mojawapo ya kampasi zake tatu.

Kisha zamu ikafika kwa shule za sekondari na parokia. Tawi la vijana la chama tawala, JMPR, lilifanywa kuwa jumuiya pekee ya vijana nchini. Serikali iliagiza liwe na kamati katika kila shule, hata katika seminari. Maaskofu walikataa kulipokea katika seminari bila masharti, na mzozo huo uliungana na ule wa majina ya ubatizo, yaliyopigwa marufuku mwaka 1972. Kardinali Malula, Askofu Mkuu wa Kinshasa, alilazimika kukaa Roma kwa miezi kadhaa. Mwishoni mwa mwaka 1972 vyama vyote vya vijana vya kidini vilikatazwa. Skauti, Kiro, na Xaveri iliyokuwa imezaliwa Bukavu mwaka 1952, havikuwa tena na ruhusa ya kuwapo.

Mwishoni mwa mwaka 1974 shule za misioni zenyewe zilichukuliwa na serikali, na masomo ya dini yakaondolewa ili kupisha mafundisho ya siasa ya chama. Kiongozi wa wanafunzi sasa alikuwa mtu wa JMPR. Asubuhi aliwapanga wenzake mbele ya bendera. Siku za sherehe aliwaongoza katika animasyo, nyimbo na ngoma za kumsifu rais. Sauti zile zile zilizoweza kuunda misa zilifundishwa kusifu kwa amri. Yule kapita wa zamani alikuwa amerudi, mara hii akiwa na umri wa miaka 17 na daftari mkononi.

Vijana walioendelea kukutana kwa hiari yao walikutana kanisani, kwa jina la kwaya, la katekesi au la utumishi wa altare. Mwaka 1976 Askofu Mkuu wetu wa Lubumbashi, Eugène Kabanga, alitoa barua ya kichungaji ambayo jina lake, kwa Kiswahili, ni «Mimi ni mtu». Ndani yake alikemea waziwazi rushwa na tamaa ya mali iliyokuwa ikiangamiza nchi. Tarehe 26 Februari 1977 serikali ilitia sahihi mapatano yaliyorudisha uendeshaji wa shule mikononi mwa makanisa. Ndiyo maana hadi leo tunaziita shule zetu «conventionnées», yaani shule za mapatano.

Usiku wa Mei 1990

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa mfumo wa chama kimoja. Siku chache baadaye, katika kampasi ya Lubumbashi, ikaonekana jinsi miaka ile ilivyokuwa imeharibu uaminifu kati ya wanafunzi. Wengine waliwashika wenzao walioshukiwa kuwa wapelelezi wa serikali wakawapiga. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei watu wenye silaha waliivamia kampasi na kuwaua wanafunzi. Idadi ya waliokufa inabishaniwa hadi leo.

Tuwaombolee waliouawa bila kuficha sehemu yoyote ya habari hiyo. Mauaji yale yalikuwa uhalifu, na hakuna kosa la mwanafunzi yeyote linaloweza kuyahalalisha. Lakini yale yaliyoyatangulia nayo yana fundisho. Pale ambapo kwa muda mrefu mwenzako anaweza kuwa sikio la serikali, hata siku ya uhuru inapofika mkono wa kwanza unaonyanyuka unamwangukia jirani.

Kilichobaki na kilichotoweka

Sasa tulinganishe. JMPR ilikuwa na serikali nyuma yake, fedha, bendera na nyimbo. Kila kijana wa Zaire alihesabiwa kuwa mwanachama, apende asipende. Amri iliyoibeba ilipoondolewa, ilitoweka shuleni, na hakuna aliyejitokeza kuiokoa. Saint-Georges ilikuwa na wavulana wachache wa shule moja. Walezi wake walipoondoka, ilidumu, nayo inacheza hadi leo. Skauti, Kiro na Xaveri, zilizokatazwa kwa tangazo la serikali, zimo tena katika parokia zetu. Kikundi hudumu pale wanachama wake wanapokihesabu kuwa chao na kuwa tayari kukigharimia. Kikundi kilichowekwa juu yao huanguka pamoja na aliyekiweka.

Hii ndiyo sababu uongozi wa wanafunzi usichukuliwe kama mchezo wa kuiga wakubwa. Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za mtoto wa mwaka 1989, ambao nchi yetu iliuridhia mwaka 1990, unampa mtoto haki ya kusikilizwa katika kifungu cha 12, na haki ya kukutana na wengine kwa amani katika kifungu cha 15. Sheria ya Kongo ya tarehe 10 Januari 2009 kuhusu ulinzi wa mtoto nayo inaitambua haki yake ya kutoa maoni. Lakini sheria haiwezi kuhudhuria mkutano wa darasa mahali petu. Prefe wa shule anaweza kuruhusu uchaguzi, na wanafunzi wakauharibu wenyewe kwa kununuana kwa biskuti, kwa kumchagua anayechekesha, au kwa kumwachia cheo yule ambaye baba yake anajulikana.

Basi tuanze na mambo yaliyo ndani ya uwezo wetu. Kura iwe ya siri, na ihesabiwe mbele ya wote. Mwenye kuchaguliwa ajue muda wake unaisha lini. Mchango wa klabu, hata ukiwa faranga chache, uandikwe katika daftari ambalo kila mwanachama anaweza kulifungua. Uamuzi wa mkutano uandikwe na usomwe mkutano unaofuata. Na zaidi ya yote, kiongozi awe na siku ya kuwasikiliza wenzake kabla hajaitwa ofisini kusikiliza maagizo. Nidhamu haitapungua kwa hayo. Mkuu wa shule aliye na msemaji mwaminifu mbele yake anajua tatizo lingali dogo, kabla halijageuka kuwa mawe madirishani.

Turudi kwenye ile chaki. Tangu mwaka 2019 elimu ya msingi katika shule za serikali na za mapatano imetangazwa kuwa bure, lakini sekondari bado inalipiwa. Katikati ya muhula kuna madawati yanayobaki wazi kwa sababu aliyekalia amerudishwa nyumbani kutafuta malipo ya shule. Kiongozi wa darasa anaweza kuandika kila siku majina ya wanaopiga kelele. Anaweza pia, jioni, kuandika katika daftari lake majina ya wale ambao hawakuonekana juma zima, akaenda kwao pamoja na wenzake wawili kuuliza kuna nini, kisha akabisha mlango wa prefe kusema kwa heshima alichokiona. Hakuna atakayempa mshahara kwa kazi hiyo, na pengine hatasifiwa. Lakini darasa litajua kwamba lina mtu wa kulisemea.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Katika shule yako, kiongozi wa wanafunzi huchaguliwa au huteuliwa? Kazi yake halisi ni ipi kwa juma moja?

2. Mlezi wa kikundi chetu cha parokia akihamishwa kesho, ni nini kitabaki baada ya mwaka mmoja? Ni nani anayejua daftari la fedha liko wapi?

3. Je, tumewahi kumpigia mtu kura, au kumnyima, kwa sababu ya kabila lake au kwa sababu ni msichana? Tuseme ukweli bila kushtakiana.

4. Ni nani katika madarasa yetu aliyekosekana mwezi huu bila yeyote kuuliza? Kabla ya mkutano ujao, nani kati yetu atakwenda kwao?